Vidonge Ndani ya Biblia

Jumapili asubuhi, kando ya barabara inayotoka Mansa kupitia Mwansabombwe hadi Nchelenge na Kashikishi, watu huenda ibadani wakiwa wamekumbatia Biblia. Pwani hii ya Ziwa Mweru imejaa makanisa: Wakatoliki, United Church of Zambia, Waadventista, Brethren, Wapentekoste. Zambia yenyewe ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo tarehe 29 Desemba 1991. Basi ninalotaka kusema halihusu uhaba wa dini, wala uhaba wa Biblia. Linahusu nyumba ambamo Neno la Mungu linaheshimiwa sana na maandishi mengine yote yanapita bila kusomwa. Mtu asiyezoea kutulia juu ya karatasi ndogo ya dawa, na asiyemsikiliza mtoto wake anapoisoma, hata Biblia haisomi. Anapaza sauti tu.

Kisa kinachofuata nimekitunga, na watu wake sikuwapa majina. Lakini habari zake za chandarua, za dawa na za ugonjwa ni za kweli, na kila kosa lililomo hutendeka katika nyumba za waumini wema.

Baba wa nyumba hiyo ni mvuvi wa Kashikishi. Usiku huingia ziwani na taa kuvua chisense, dagaa wadogo wa Mweru ambao akina mama huwaanika mchangani na kuwauza kwa wafanyabiashara wa mijini. Mkewe ametoka upande wa Kongo, maeneo ya Pweto. Watu wa pande mbili za ziwa wameoana tangu zamani, na vita vya Kongo vilipowaleta maelfu ya wakimbizi wilayani Nchelenge mwaka 2017, kwanza kwenye kituo cha Kenani na baadaye kwenye makazi ya Mantapala, Kiswahili kilizidi kusikika. Mama huyu anasoma Kiswahili vizuri. Kibemba anakisema kwa kuwa anaishi nacho. Kiingereza hakijui. Wana binti wa miaka kumi na moja na mvulana wa miaka minne.

Baba ni msomaji wa kanisa. Akisimama kusoma Agano la Kale, hata watoto wa nyuma hutulia, kwa maana sauti yake ni nzito na matamshi yake hayana kigugumizi. Biblia anayoisoma ni ile kubwa ya kanisani. Ile ya nyumbani, waliyopewa siku ya harusi, iko juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili isipate vumbi.

Mwezi wa kumi wahudumu wa afya walipita wakigawa vyandarua vyenye dawa. Cha nyumba hiyo kilitolewa mfukoni jioni ileile na kutundikwa juu ya mkeka wa watoto. Asubuhi mvulana aliamka uso umemwiva kwa kujikuna, macho yanatoa machozi. Baba akakitazama chandarua akasema, "Kitu hiki kina sumu." Kikatolewa. Shemeji yake akakiomba, akaenda nacho ziwani kuvulia dagaa, jambo ambalo sheria ya uvuvi inalikataza, na hakuna aliyelisema.

Ule mfuko wa chandarua ulibaki. Binti akauokota na kuukata, akafunikia daftari lake la hesabu. Baada ya siku chache, akiwa anafanya kazi ya shule, aliona kilichochapwa juu yake, maneno na picha: chandarua kipya kitundikwe kwanza kivulini kwa muda wa saa 24, kipate hewa, ndipo watu walale ndani yake. Akaenda jikoni na daftari mkononi.

"Mama, walituandikia. Tulitakiwa kukianika kivulini siku nzima kwanza."

"Kilishaondoka, mwanangu. Nipe maji nisonge ugali."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza binti huyo kusoma na kutosikilizwa.

Tarehe 1 Desemba uvuvi ukafungwa, kama inavyokuwa kila mwaka mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Fedha ikawa ngumu. Mvua zikakolea, mbu wakaongezeka. Katikati ya Januari mvulana akashikwa na homa. Mama alimbeba alfajiri hadi zahanati, akachomwa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Foleni ilikuwa ndefu. Mhudumu alimpima uzito, kilo 16, akampa mama pakiti ya dawa mseto na kumweleza kwa Kibemba cha haraka: vidonge viwili kwa kila dozi, ya pili ikiwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila dozi pamoja na chakula chenye mafuta. Mama aliitikia kwa kichwa. Maneno mengine hakuyashika, ila aliona haya kuuliza mbele ya watu.

Vidonge vilikuwa kumi na viwili. Kufikia jioni ya siku ya pili mtoto alikuwa amekunywa vinane, na homa imekwisha. Alikuwa anakimbiza kuku uani.

"Baba, mtoto amepona," mama alisema. "Hivi vinne tuvitunze. Mvua bado ni nyingi."

"Vitunze. Dawa haipotezwi."

Binti alikuwa ameketi karibu na taa, pakiti mkononi. "Baba, samahani. Hapa kuna picha za siku tatu. Na wameandika amalize zote hata akijisikia vizuri."

"Wakubwa wakizungumza, mtoto anasikiliza," baba akajibu. Hakusema kwa ukali. Ndivyo alivyolelewa.

Binti akanyamaza. Mama akavikunja vile vinne kwenye kipande cha karatasi, akapanda juu ya kigoda, akaifungua Biblia ya harusi na kuviingiza katikati. Hapakuwa na mahali salama zaidi katika nyumba ile, kwa kuwa hapakuwa na mahali palipoguswa kwa nadra zaidi.

Hapa nisimame kidogo nieleze, kwa sababu wazazi wengi wangefanya kama alivyofanya mama huyo. Dawa mseto ambayo Zambia iliichagua mwaka 2002, klorokwini ilipokuwa imeshindwa, ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemetha hufanya kazi upesi. Huua wadudu wengi wa malaria kwa muda mfupi, na ndiyo inayomfanya mtoto ainuke na kucheza. Lumefantrini huenda polepole. Hubaki mwilini siku nyingi ikimalizia wale waliosalia, nayo haiingii damuni vizuri tumbo likiwa halina mafuta, ndiyo maana mgonjwa hupewa maziwa au uji wa karanga. Mzazi akikatiza dozi siku ya pili, homa imeondoka lakini wadudu wapo. Afya aliyoiona ni ya kazi iliyofika katikati.

Kwa mvulana yule homa ilirudi baada ya wiki tatu, Jumamosi usiku. Mama alipomgusa alishtuka.

"Baba, mtoto anachemka."

"Si dawa ipo?"

Ilikuwepo. Mama akapanda kigoda, akatoa vidonge viwili, akaacha viwili kwa ajili ya asubuhi. Mtoto alivinywa na maji matupu, na haikupita nusu saa akavitapika. Wakaomba pamoja, wakapiga magoti kwa muda mrefu, na maombi yao yalikuwa ya kweli. Kisha baba akasema, "Kesho nikimaliza kusoma tunampeleka." Kuwepo kwa ile dawa ya akiba kuliwatuliza. Laiti isingekuwepo, labda wangetoka usiku uleule.

Somo la Jumapili ile lilikuwa habari za mfalme Yosia, jinsi kitabu cha torati kilivyoonekana ndani ya nyumba ya Mungu baada ya kusahaulika humo. Baba alikuwa amefika katikati binti alipoingia kwa mlango wa pembeni, miguu mitupu, akaenda mpaka mbele na kumvuta koti. Baba hakumtazama. Alinyoosha kiganja, ishara ya kumwambia asubiri, akaendelea kusoma. Na mtoto aliyefundishwa kuwatii wakubwa akasubiri. Alisubiri mpaka mstari wa mwisho, mpaka kanisa likaitikia Amina, ndipo akasema, "Baba, mdogo wangu ana degedege, na haamki."

Walimkimbiza hospitali kwa baiskeli. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Siku kadhaa mtoto hakufumbua macho. Mungu alimrudisha, na wauguzi walifanya kazi yao, lakini malaria ya namna hiyo huweza kuacha alama kwa mtoto aliyepona. Alirudi nyumbani mguu mmoja unaburuta, na maneno yote aliyoyajua yamempotea. Mtoto aliyekuwa akiimba wimbo mzima wa shule ya Jumapili alianza upya kutafuta namna ya kusema "mama".

Wazee wa kanisa walikuja kushukuru pamoja nao. Mama mzee mmoja akaomba Biblia ya nyumbani ili wasome kabla ya kuomba. Ikateremshwa, ikatolewa kwenye nailoni, ikafunguliwa, na kile kikaratasi kikaanguka sakafuni. Vidonge viwili vikaviringika hadi kwenye mguu wa kiti.

"Hivi ni vya nini?" mzee akauliza.

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Baba alikaa kimya, kisha akamwita binti yake. "Lete lile daftari," akasema. "Na ile pakiti, kama ipo. Utusomee sote." Binti akasoma, na safari hii watu wazima walisikiliza mpaka mwisho.

Kisa kimeishia hapo. Sasa tujifunze.

Jambo la kwanza: kusoma hakujakamilika mpaka msomaji afahamu. Ezra alipowasomea watu torati huko Yerusalemu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, Walawi walikuwa wakiwafafanulia wapate kuelewa. Kusoma kwa sauti kulionekana kuwa nusu ya kazi. Na yule towashi wa Ethiopia, mtu mwenye cheo kikubwa aliyesimamia hazina ya malkia, alipoulizwa na Filipo kama anaelewa anachokisoma, hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Akapata wokovu wake kwa sababu ya ukweli huo. Mama wa kisa chetu aliona haya mbele ya foleni. Dada yangu, ndugu yangu, zahanatini usiondoke na pakiti mpaka umeweza kumrudia mhudumu maagizo yote kwa maneno yako mwenyewe: vingapi, saa ngapi, kwa siku ngapi, na chakula gani. Kama lugha aliyoitumia haikukaa kichwani, mwambie aseme tena, au mwite mtu wa kukufasiria. Pwani yetu ina Kibemba, Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine, na hakuna aibu kwa mtu kutojua mojawapo. Kukubali kwa kichwa jambo usilolielewa ndiko kunakoumiza watoto.

Jambo la pili: mtoto anayejua kusoma ni zawadi ya nyumba nzima, na zawadi hiyo hudhulumiwa asiposikilizwa. Wazee wetu wa Luapula walijua thamani ya mtoto wa kike asomaye. Kusini mwa Nchelenge, huko Mbereshi, Mabel Shaw wa London Missionary Society alifika mwaka 1915 na kujenga shule ya bweni ya wasichana ambayo aliiongoza hadi mwaka 1940. Kuna familia katika bonde hili ambazo Biblia iliingia kwao kupitia kinywa cha bibi aliyesoma pale. Leo binti zetu wanasoma, kisha tunawanyamazisha. Heshima kwa wakubwa ni mali ya thamani, na sitaki ipotee hata kidogo. Lakini Eli alikuwa kuhani mkuu, mzee, macho yamefifia, na neno la Mungu lilipomjia kijana Samweli, Eli hakumwambia anyamaze. Alimtaka amweleze yote asimfiche kitu, ingawa habari zenyewe zilikuwa mbaya kwa nyumba yake. Katika mambo mengi Eli alikosea sana kama mzazi. Katika hili moja alitufundisha: mtoto anaweza kubeba onyo la kuokoa nyumba, na ukubwa wa mzazi huonekana katika kumwambia, "Sema, nakusikiliza."

Jambo la tatu: makini ya mtu hupimwa katika vitu vidogo. Ng'ambo ya ziwa, huko Luanza upande wa Kongo, aliishi mmisionari Mskoti Dan Crawford, mwandishi wa kitabu cha *Thinking Black* kilichotoka mwaka 1912. Alifika Katanga akiwa kijana, enzi za mfalme Msiri wa Bunkeya, na Msiri alipouawa mwaka 1891, Crawford alihamia pwani ya Mweru pamoja na watu waliomfuata. Aliifanya kazi ya kutafsiri Maandiko katika Kiluba-Sanga kwa miaka mingi, akichunguza kila neno la wenyeji kwa subira. Mwaka 1926, kama inavyosimuliwa katika habari za maisha yake, aliugonga mkono usiku, akapata kajeraha kadogo ambako hakakutiwa dawa mapema. Sumu ikaenea, na baada ya siku chache akafariki, akiwa na miaka 55. Simtaji ili kumlaumu; kazi yake ingali inazaa matunda. Namtaja kwa sababu hata mtu aliyetumia maisha yake yote kuyatazama maandishi kwa makini aliangushwa na kitu kidogo ambacho hakikutazamwa kwa saa chache. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Je, sisi ambao hatuna hata nusu ya makini yake?

Wapo watakaoniuliza kama nataka kuweka imani kwenye vidonge badala ya maombi. Hapana. Wale wazazi waliomba, na maombi yao yalisikiwa, kwa kuwa mtoto yuko hai. Lakini jibu la maombi yao lilikuwa limekwisha kufika mikononi mwao tangu Januari, limechapwa kwa maandishi na kwa picha ili hata asiyejua kusoma aelewe, nao wakalikunja na kuliweka juu ya kabati. Kumwomba Mungu msaada na kutosoma msaada alioutuma ni kumkosea heshima.

Na jambo hili ni pana kuliko malaria. Karatasi nyingi huingia katika nyumba za wavuvi na wakulima wa Nchelenge: kadi ya kliniki ya mtoto yenye mstari wa uzito unaoshuka, barua ya shule, makubaliano ya kikundi cha mkopo, tangazo la kufunga uvuvi, maelezo ya dawa ya kunyunyizia mihogo na mahindi. Nyumba inayozisoma zote pamoja, kwa utulivu, hujifunza tabia ileile inayohitajika kwa Maandiko: kukaa, kusoma pole pole, kuuliza, kutii. Tabia hizo hazina sehemu mbili, moja ya kanisani na nyingine ya jikoni.

Basi anzeni na saa moja jioni, baada ya chakula. Iteremsheni Biblia, iwe mahali ambapo mtoto anaifikia kwa mkono wake. Kila mmoja asome mistari michache katika lugha anayoijua: mama kwa Kiswahili chake, baba kwa Kibemba, mtoto kwa kile anachofundishwa shuleni. Kisha mmoja aulize, "Tumeelewa nini?" na mdogo kuliko wote ajibu kwanza, kwa sababu wakubwa wakianza yeye atanyamaza. Mkimaliza, kama kuna karatasi yoyote iliyoingia nyumbani siku hiyo, isomeni papo hapo, mstari kwa mstari. Kama kuna mgonjwa wa malaria anayetumia dawa mseto, hesabuni dozi kwa sauti mpaka ya sita. Dawa iliyobaki isiwekwe akiba hata siku moja. Na homa ikirudi usiku, tokeni usiku huohuo.

Wachungaji na wazee wa kanisa nao wana sehemu yao. Baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, zichukueni dakika kumi mumwite muuguzi au mwalimu aliye muumini, asimame na pakiti ya dawa na mfuko wa chandarua, awasomee watu na kuwauliza maswali. Na wewe msomaji wa Jumapili, ndugu yangu uliyepewa sauti nzuri: somo utakalosoma kesho mbele ya watu, lisome leo usiku mbele ya mkeo na watoto wako, uwaulize wamelielewaje, na umsikilize kila mmoja mpaka amalize. Kama huwezi kuwaeleza wao watatu au wanne, hujawa tayari kusimama mbele ya kanisa.